ALFRED NOBEL: TAJIRI WA BARUTI ALIYEJIFUNZA KUWA AJALI INA KINGA

Leo siandiki siasa wala mpira. Nataka niwasimulie maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake kila mtu amelisikia, ila wengi wetu tunajua nusu tu ya habari yake. Kabla sijaanza inabidi niseme kwanini nimemfuatilia.

Huku kwetu Kasekese kijana akimaliza shule na matokeo yakiwa ndo hivyo tena, njia zinazoonekana ni mbili: shamba la mpunga la baba, au machimbo ya dhahabu upande wa Mpanda. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alichagua machimbo. Alikuwa anasaidia kulipua mwamba kwenye duara moja, mwenye duara simtaji. Siku hiyo walitega matundu matatu, wakawasha tambi, wakatoka nje kusubiri. Ikasikika milipuko miwili. La tatu kimya. Msimamizi akasema muda unapotea, mtu ashuke akaangalie. Akashuka kaka. Kumbe utambi haukuwa umezimika, ulikuwa unaungua taratibu.

Hakufa, tunamshukuru Mungu. Ila mkono wa kushoto hana vidole, na jicho moja halioni. Aliporudi nyumbani watu walikuja kumpa pole, na kila aliyekuja alisema neno lile lile, kwamba ajali haina kinga. Na mimi nilikuwa naitikia. Baadaye usiku nikawa najiuliza, hivi kweli haina? Kama wangekaa kimya nusu saa bila mtu kushuka, si angekuwa mzima hadi leo?

Nikaanza kusoma habari za baruti mtandaoni, kidogo kidogo, kila nikipata hela ya saa moja. Nikakutana na jina la Alfred Nobel. Nikashtuka. Nobel si ndo yule wa tuzo? Tuzo ya amani aliyopata Wangari Maathai wa Kenya mwaka 2004? Tuzo ya fasihi aliyopata Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, mwaka 2021? Ndo huyo huyo wadau. Hela za tuzo zile zilitoka kwenye baruti. Na huyo bwana naye alikuwa na ndugu aliyelipukiwa, ila wake hakurudi nyumbani.

UTOTO: BABA ALIYEFILISIKA

Alfred alizaliwa Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, tarehe 21 Oktoba 1833. Baba yake, Immanuel, alikuwa fundi na mbunifu, mtu wa mawazo mengi na madeni mengi. Mwaka ule ule aliozaliwa Alfred, mzee alifilisika. Baadaye akaondoka kwenda kutafuta maisha nje, kwanza Finland, halafu St Petersburg huko Urusi. Mama, Andriette, akabaki na watoto, akafungua kiduka cha vyakula. Yaani ni hadithi ambayo hata huku kwetu tunaijua: baba kaenda mbali kutafuta, mama kabaki na genge.

Alfred alikuwa mtoto mgonjwa mgonjwa, kifua dhaifu, mpole. Mwaka 1842 familia ikamfuata baba Urusi, na safari hii mambo yakanyooka. Mzee alikuwa ametengeneza mabomu ya kutega majini, serikali ya Urusi ikayanunua. Yalitumika kwenye vita ya Crimea, ya mwaka 1853 hadi 1856. Hela ikaingia, watoto wakatafutiwa walimu wa kuwafundisha nyumbani. Mmoja wao alikuwa Nikolai Zinin, mkemia mkubwa wa Urusi. Alfred alipofika miaka 17 alikuwa anazungumza lugha tano: Kiswidi, Kirusi, Kifaransa, Kiingereza na Kijerumani. Alipenda sana mashairi, akawa anaandika ya kwake. Mzee hakufurahi, alitaka mhandisi. Akamtuma nje akajifunze kazi, na huko ndiko Alfred alipofika Paris kwenye maabara ya mkemia Pelouze.

MAFUTA YALIYOMTISHA ALIYEYAGUNDUA

Mwanafunzi mmoja wa zamani wa Pelouze, Mwitaliano Ascanio Sobrero, mwaka 1847 alikuwa ametengeneza kitu kinaitwa nitrogliserini. Hapa niwaeleze taratibu, maana ndo mzizi wa habari yote.

Gliserini mnaijua. Ni ile ile dada zetu wanayopaka wakati wa upepo mkavu. Haina shida na mtu. Sasa ukiidondosha kidogo kidogo ndani ya mchanganyiko wa asidi ya nitriki na asidi ya salfuriki, unapata mafuta mazito yanayolipuka kwa nguvu inayoipita mbali baruti nyeusi ya zamani. Tatizo ni mawili. La kwanza, wakati wa kuyatengeneza mchanganyiko unazalisha joto wenyewe. Joto likipanda, kazi inakwenda kasi, kasi inaleta joto zaidi. Ni kama maziwa jikoni, ukiyaona yameanza kufura umeshachelewa. Ila haya hayamwagiki tu, yanang'oa nyumba. La pili, hata yakishakuwa tayari yamo kwenye chupa, mshtuko tu unaweza kuyalipua.

Sobrero mwenyewe mlipuko ulimwachia makovu usoni. Akaona kitu hiki hakifai kwa matumizi, akawaonya watu. Alfred aliona tofauti. Aliona kuwa dunia inachimba migodi, inatoboa milima kupitisha reli, na watu wanapiga mwamba kwa nyundo miaka na miaka. Nguvu imepatikana, kilichobaki ni kuifunga kamba.

Vita ya Crimea ilipoisha, serikali ya Urusi ikaacha kununua, mzee Immanuel akafilisika tena. Akarudi Uswidi na mke na mtoto wa mwisho, Emil. Alfred akawafuata mwaka 1863. Wakaanza kutengeneza nitrogliserini kwenye eneo la makazi yao, sehemu inaitwa Heleneborg, hapo hapo Stockholm.

Mwaka huo huo Alfred akapata ugunduzi wake wa kwanza mkubwa. Mafuta haya ukiyawasha kwa moto wa kawaida hayaeleweki, mara yanaungua tu, mara yanalipuka. Akabuni kiwashio: kifuko kidogo chenye baruti kidogo ambacho kikilipuka, mshtuko wake ndo unaamsha mafuta mengi. Baadaye akatumia kemikali ya zebaki ndani ya kiwashio hicho. Wenye kazi zao wanasema hili ni kubwa kuliko hata dainamaiti yenyewe, maana kwa mara ya kwanza kinacholipua na kinacholipuka vikawa vitu viwili tofauti. Mpaka leo sheria ya kazi hiyo ni kwamba viwashio na baruti havilali chumba kimoja wala havibebwi pamoja. Jiulize kama hapo machimboni kwenu inafuatwa.

TAREHE 3 SEPTEMBA 1864

Asubuhi hiyo kibanda cha Heleneborg kililipuka. Watu kadhaa walikufa palepale, na mmoja wao alikuwa Emil, mdogo wake Alfred, kijana wa miaka 20, mwanafunzi, aliyekuwa akifanya majaribio ya mafuta hayo.

Nilipofika hapa niliacha kusoma, nikalipa, nikatoka nje. Nilimwona kaka yangu.

Baada ya hapo mzee Immanuel alipata kiharusi, hakurudi tena kuwa yule wa zamani. Serikali ya mji ikapiga marufuku kutengeneza mafuta hayo ndani ya Stockholm. Na ukweli lazima usemwe: walikuwa wanatengeneza kitu cha hatari katikati ya makazi ya watu, kwenye kibanda cha kawaida. Haikuwa bahati mbaya. Kama isingekuwa siku ile ingekuwa nyingine.

Alfred angeweza kuacha. Pia angeweza kusema ajali haina kinga, akajenga kibanda kingine kama kile. Hakufanya la kwanza, na la pili alilifanya nusu, kama mtakavyoona. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuhamia majini. Alipata tishari, yaani chombo kipana cha kubebea mizigo, akakifunga kwenye ziwa Mälaren nje ya mji, kazi ikaendelea huko mbali na nyumba za watu. Ni akili nyepesi sana, ila ndo somo la kwanza la kazi zote za namna hii: kama hujaweza kuondoa hatari, iondoe karibu na watu.

Baada ya hapo akapata wenye mtaji, kampuni ikaanzishwa, na kiwanda kikajengwa Vinterviken, bondeni, nje ya mji.

ALIPOSAHAU KUWA KIWANDA HAKIISHII GETINI

Mwaka 1865 alifungua kiwanda kingine Krümmel, kando ya mto Elbe karibu na Hamburg, Ujerumani. Mafuta yakaanza kusafirishwa dunia nzima, kwenye makopo ya bati yaliyopangwa ndani ya masanduku ya mbao. Makopo yakavuja. Na waliokuwa wanabeba, wanapakia, wanahifadhi, hawakujua ni kitu gani.

Aprili 1866 meli inaitwa European ililipuka bandarini Aspinwall, Panama, wakafa makumi ya watu. Mwezi huo huo, San Francisco, Marekani, sanduku moja lilikuwa linavuja ofisini kwa kampuni ya usafirishaji ya Wells Fargo. Watu wakadhani ni mafuta tu. Wakachukua nyundo na patasi walifungue waone. Wakafa watu 15. Mwaka huo huo kiwanda cha Krümmel nacho kikalipuka, wakati Nobel yuko Marekani akijaribu kuwaeleza watu kuwa bidhaa yake ikitunzwa vizuri haina shida.

Wadau, hapa ndo mahali simtetei Nobel. Yeye alijua. Mpakizi wa Panama hakujua, karani wa San Francisco hakujua. Kumwambia mtu atunze vizuri kitu ambacho hujamwambia ni nini, hiyo si tahadhari, ni kumtupia mzigo. Nchi zikaanza kupiga marufuku. Uingereza ilitunga sheria ya kuyabana mafuta hayo mwaka 1869.

Naona Nobel alielewa jambo moja wakati huo. Kwamba huwezi kumfundisha kila mpagazi wa dunia awe makini saa zote. Binadamu anachoka, anasinzia, ana haraka, ana bosi anayepiga kelele juu ya duara. Badala ya kumbadilisha mtu, badilisha kitu chenyewe.

DAINAMAITI

Mwaka 1866, wanapoijenga upya Krümmel, alifanyia majaribio juu ya chelezo kilichoelea mtoni Elbe. Tena maji. Alikuwa anatafuta kitu cha kunyonya mafuta yale yasitembee. Akajaribu vitu vingi, mwishowe akatumia udongo mweupe mwepesi uliokuwa ukipatikana maeneo yale, unaotokana na magamba ya viumbe vidogo vidogo vya majini vya zamani sana. Udongo huo una vitundu vingi, unanyonya kama kitumbua kwenye chai. Sehemu tatu za mafuta, sehemu moja ya udongo. Ikatoka kama donge la unga uliokandwa, unaweza kulifinyanga liwe kijiti, ukakitia kwenye tundu la mwamba. Ukikiangusha kwa kawaida hakilipuki. Kinasubiri kiwashio.

Akakipa jina kutoka neno la Kigiriki linalomaanisha nguvu: dainamaiti. Hati ya ugunduzi akaipata mwaka 1867. Nguvu ilipungua kidogo kuliko mafuta matupu, na yeye alikubali kupoteza hiyo kidogo. Zingatieni hilo. Alipata utajiri baada ya kukubali bidhaa yake iwe dhaifu kidogo ili iwe salama zaidi.

Haikuwa salama kabisa, tusidanganyane. Dainamaiti ya zamani ikikaa vibaya ilikuwa inatoka jasho, yaani mafuta yanarudi nje ya udongo, na hapo hatari inarudi pale pale. Krümmel ililipuka tena mwaka 1870. Lakini kwa mchimbaji na kwa msafirishaji tofauti ilikuwa kubwa. Migodi, mifereji, njia za reli chini ya milima, kama ile ya Gotthard huko Uswisi iliyotobolewa kati ya mwaka 1872 na 1882, zilipita kwa dainamaiti.

KIGODA CHA MGUU MMOJA

Sasa nakuja sehemu iliyonifanya niandike. Dainamaiti ilimlinda anayetumia. Je anayetengeneza? Yeye bado alikuwa anakutana na mafuta yenyewe kila siku.

Uingereza Nobel aliuza wazo lake kwa wenye mtaji wa Glasgow, kampuni ikaanzishwa mwaka 1871. Eneo alilochagua ni Ardeer, pwani ya magharibi ya Uskoti. Palikuwa ni mchanga mtupu, matuta na upepo, hata sungura wanapata shida kula. Ndo maana alipapenda. Kiwanda kikaanza kuzalisha mwaka 1873, na kikaja kuwa kati ya viwanda vikubwa zaidi vya baruti duniani. Rafiki yake mhandisi, Alarik Liedbeck, alimsaidia sana kuvipanga viwanda vyake.

Ukisoma jinsi kiwanda cha namna ile kilivyokuwa, unaona kama mtu kakaa chini akajiuliza swali moja: kikilipuka, nani atakufa, na tufanyeje wawe wachache?

Kwanza, hakukuwa na jengo moja kubwa. Vilikuwa vibanda vidogo vidogo vya mbao nyepesi, kila kimoja kimezungukwa na tuta la mchanga. Kimoja kikienda, mlipuko unapanda juu angani, tuta linazuia usimfikie jirani. Mbao nyepesi kwa sababu jiwe likirushwa linaua, ubao una nafuu. Na kila kibanda watu wachache tu.

Pili, mafuta hayakusukumwa kwa pampu. Kibanda cha kuchanganyia kiliwekwa juu ya kilima, mafuta yakawa yanateremka yenyewe kwenye mifereji kwenda kuoshwa vibanda vya chini. Hakuna mashine ya kusuguana wala kutoa cheche. Mapipa na mifereji ilitandikwa madini ya risasi, kwa sababu risasi haisumbuliwi na asidi hizo. Ni risasi ile ile iliyokuwa ikichimbwa Mpanda kwenye mgodi wa zamani wa Uruwira, ambao ndo ulioletesha reli ya kutoka Kaliua hadi huku kwetu.

Tatu, getini watu walipekuliwa. Kiberiti hakiingii. Chuma hakiingii. Haijalishi wewe ni nani.

Nne, joto. Pipa la kuchanganyia lilipozwa kwa mabomba ya maji baridi, na chini yake kulikuwa na tangi kubwa la maji. Joto likipanda kupita kiwango, huendi kumuuliza bosi. Unafungua koki, mzigo wote unazama majini, hasara imepatikana, watu wamepona. Yaani uamuzi wa kupoteza mali ili kuokoa watu ulishafanywa zamani, siku ya kujenga, na mlinzi wa pipa alikuwa na ruhusa hiyo mkononi.

Na tano, huyo mlinzi. Kazi yake ilikuwa kuangalia kipimajoto tu. Kazi ya kuchosha, ya kutia usingizi. Basi wakampa kigoda cha mguu mmoja. Akisinzia, anaanguka, anaamka. Hawakumwekea bango la kumwambia asisinzie. Walijua atasinzia, kwa sababu ni mtu, wakapanga kiti kulingana na udhaifu wake.

Hata hivyo ajali ziliendelea kutokea, Ardeer pia ziliua watu. Wala si milipuko peke yake. Mafuta yale yakigusa ngozi au ukivuta hewa yake, mishipa ya damu inatanuka, kichwa kinauma vibaya sana. Wafanyakazi walizoea baada ya siku kadhaa, wakipumzika mwisho wa juma mazoea yanatoka, Jumatatu wanaanza upya kuumwa. Nobel mwenyewe aliumwa kichwa maisha yake yote ya kazi. Cha ajabu, uzeeni moyo ulipomsumbua, dawa aliyoandikiwa na madaktari ilikuwa nitrogliserini. Mpaka leo ni dawa ya maumivu ya moyo, kidonge kinawekwa chini ya ulimi.

TAJIRI ASIYE NA NYUMBANI

Alfred hakuoa. Aliishi Paris miaka mingi, safarini muda wote, viwanda karibu 90 katika nchi zaidi ya 20, hati za ugunduzi 355. Mwaka 1876 aliajiri katibu mwanamke wa Austria, Bertha Kinsky, aliyekaa muda mfupi sana kisha akaenda kuolewa, akawa Bertha von Suttner. Waliendelea kuandikiana barua hadi mwisho. Huyu mama alikuja kuwa mpiganaji mkubwa wa amani, na mwaka 1905 alipewa tuzo ya amani yenye jina la rafiki yake.

Lakini Nobel huyo huyo mwaka 1887 alitengeneza baruti ya kijeshi isiyotoa moshi, akaiuzia Italia. Wafaransa wakakasirika, wakamsumbua, mwaka 1891 akahamia San Remo, Italia. Alikuwa anaamini silaha zikiwa kali kupindukia nchi zitaogopa kupigana. Vita kuu ya kwanza ilionyesha alikosea, ila yeye hakuwepo kuiona.

Kuna jambo moja zuri alilolifanya ambalo halisemwi sana. Hakumsahau Sobrero. Alimpa kazi ya ushauri kwenye kiwanda cha Avigliana, Italia, na sanamu yake ikawekwa pale mwaka 1879. Mzee wa watu alikuwa bado anaumia moyoni akikumbuka watu waliouawa na kitu alichokigundua.

Tarehe 27 Novemba 1895 Nobel alisaini wosia Paris. Alikufa San Remo tarehe 10 Desemba 1896, damu imevujia kwenye ubongo, amezungukwa na watumishi, hakuna ndugu. Wosia ulipofunguliwa ndugu walipigwa butwaa: sehemu kubwa kabisa ya mali, kroni zaidi ya milioni 31, iwekwe, na faida yake kila mwaka wapewe watu walioleta manufaa makubwa kwa binadamu, kwenye fizikia, kemia, tiba, fasihi na amani. Tuzo za kwanza zilitolewa mwaka 1901. Hela hiyo ndo iliyokuja kumfikia Maathai na Gurnah.

TURUDI MACHIMBONI

Wengi wanamsifu Nobel kwa tuzo, wengine wanamlaani kwa silaha. Mimi nimemchukulia kwenye jambo jingine. Alizika mdogo wake mwaka 1864, na miaka 9 baadaye kilisimama kiwanda ambacho mtu akisinzia kigoda kinamwamsha. Katikati hapo watu wengi walikufa wakati yeye anajifunza. Somo lile limeshalipiwa, tena ghali. Sisi hatuna sababu ya kulilipia mara ya pili.

Baruti nyingi za migodini siku hizi si dainamaiti tena, ni mchanganyiko wa kemikali nyingine. Lakini utambi ni ule ule na mwamba ni ule ule. Tanzania tuna Sheria ya Baruti ya mwaka 1963, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Na siyo baruti tu. Machimbo mengi ya dhahabu nchini yana plenti za sainaidi, na plenti ni kiwanda cha kemikali hata kama kimejengwa kwa matofali na turubai. Pale chokaa inatiwa ili sainaidi isigeuke gesi ya sumu. Nani anapima kama chokaa imetosha? Tangi likivuja, maji yanaelekea kisima cha nani? Ana ruhusa ya kusimamisha kazi bila kumpigia simu tajiri?

Jumapili iliyopita nilimsomea kaka habari hii, na sehemu ya kigoda nikairudia mara mbili. Alicheka kwanza. Halafu akaniambia kuwa siku ile yeye mwenyewe alijua inatakiwa kusubiri, wote pale juu walijua. Kilichokosekana siyo elimu. Hakukuwa na mtu mwenye saa mkononi na mamlaka ya kumwambia msimamizi kwamba hashuki mtu mpaka nusu saa ipite. Akaniomba niliandike hilo kama alivyolisema, nami nimeliandika.

Basi wewe unayesoma hapa Mpanda mjini ukisubiri gari la kwenda machimboni: kabla hujashuka kwenye duara, uliza ni nani anashika saa. Ukiona wanatazamana, usishuke.

Nawakilisha wadau. Mwenye uzoefu wa machimbo au wa plenti aweke maoni hapo chini, hata kwa jina la bandia. Nitayasoma yote.